Kamera ya Babu na Betri Iliyopigwa Marufuku

Bibi yangu alizitazama zile picha moja moja, akazigeuza, akazirudisha mezani. Kisha akaniuliza, "Mume wangu, huyu ni mimi au ni jini wa kwenye mbuyu?"

(Bibi kumwita mjukuu wake "mume wangu" ni utani mnaoujua, sina haja ya kueleza.)

Sikuwa na jibu. Filamu nzima ya picha 36 ilikuwa giza. Ukuta mweupe wa nyumba unaonekana, shina la mwembe linaonekana kwa taabu, maua ya kanga unayaona ukikaza macho. Sura ya bibi haipo. Picha ikipungukiwa mwanga, sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaotangulia kupotea.

Nikadhani kamera imekufa. Kumbe kamera ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kitu kingine, na nilipokifuatilia nikajikuta nimefika Japani, kwenye mji mdogo wa pwani, mwaka 1956. Basi vuteni viti, hadithi ni ndefu kidogo.

Babu yangu alikuwa baharia. Watu wa Tanga wanajua maana yake: nyumba ya baharia ilikuwa na redio kabla ya majirani, na sanduku lenye vitu ambavyo watoto hawaruhusiwi kugusa. Katika sanduku la babu kulikuwa na kamera aliyoinunua Singapore mwaka 1974. Babu alifariki, sanduku likabaki chini ya kitanda cha bibi, na kamera ikabaki humo imefungwa kwenye kipande cha doti, imezungukwa na vidonge vya nondo. Mwaka jana bibi akaniambia, "Wewe si ndiye mwandishi wa habari? Chukua. Lakini unipige nayo mimi kwanza."

Kamera yenyewe ni Canonet QL17 G-III. Canon walianza kuiuza mwaka 1972. Ni ndogo, inaingia kwenye mfuko wa koti, lakini ukiishika unaona ni chuma kweli: gramu 620. Lenzi yake ni ya milimita 40, na ile 17 kwenye jina ni f/1.7, maana yake tundu la lenzi linafunguka sana na unaweza kupiga hata ndani ya nyumba jioni bila flashi. QL ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kupakia haraka. Unalaza filamu, unavuta ncha yake mpaka kwenye alama nyekundu, unafunga mlango, basi.

Lakini sifa yake kubwa ni namna inavyopima umbali. Ukichungulia kwenye kidirisha unaona kijisanduku cha njano katikati, na ndani yake mtu unayempiga anaonekana mara mbili, kama pacha. Unazungusha pete ya lenzi mpaka pacha wale wawe mtu mmoja. Wakishaungana, picha itatoka kali. Siri yake ni ile ile ya macho yetu mawili: kamera ina vidirisha viwili vilivyoachana, na tofauti ya pembe kati yake ndiyo inayosema mtu yuko mbali kiasi gani. Majeshi yalitumia vipimo vya namna hiyo, vikubwa sana, kulengea mizinga ya meli za kivita. Mwaka 1916 Kodak waliweka kipima umbali kilichounganishwa na lenzi kwenye kamera kwa mara ya kwanza. Mwaka 1932 Leica na Contax wakakiingiza kwenye kamera ndogo za filamu ya milimita 35.

Leica ndiyo iliyobadilisha kazi yetu sisi wa magazeti. Mjerumani Oskar Barnack aliitengeneza, ikaingia sokoni mwaka 1925, na tangu hapo mpiga picha hakulazimika tena kubeba sanduku na miguu mitatu ya kusimamishia. Akaweza kutembea na watu. Tatizo ni bei. Leica ilikuwa ya wenye nazo.

Huko Tokyo, kijana aitwaye Goro Yoshida akaifungua Leica skrubu moja baada ya nyingine. Anasimuliwa kuwa alishangaa kuona ndani hakuna almasi wala kitu chochote cha ajabu. Ni shaba, chuma, alumini na mpira tu. Sasa kwa nini iwe ghali hivyo? Mwaka 1934 yeye na wenzake wakatangaza kamera yao ya majaribio, wakaiita Kwanon, kwa jina la Kannon, kiumbe wa huruma katika Ubudha. Ndipo lilipotoka jina Canon. Mwaka 1961 kampuni hiyo ikatoa Canonet ya kwanza, kwa bei ya chini ya yeni 20,000, na ikawa inapima mwanga na kupanga tundu la lenzi yenyewe. Karani akaweza kuinunua. Mwalimu akaweza. Baharia wa Tanga naye, miaka 13 baadaye, akaweza.

Haya, turudi kwenye sanduku.

Kamera ilikuwa imegoma. Sponji nyeusi zinazozuia mwanga kuingia kwenye mlango wa nyuma zilikuwa zimeoza na kuwa kama lami, zinanata vidoleni. Shata haikufunguka. Nikaipeleka Dar kwa fundi saa mmoja mzee. Mafundi wa kamera wamekwisha, lakini fundi saa anazielewa springi ndogo. Akaifungua huku akiimba kimoyomoyo, akaniambia vile vijibamba vya shata vimegandishwa na mafuta ya zamani. Akavisafisha kwa petroli ya viberiti vya gesi, tone kwa tone. Sponji tukazikwangua kwa kijiti na spiriti, tukabandika uzi mweusi wa sufi mahali pake. Baada ya saa mbili shata ikalia: tik! Yule mzee akacheka kama mtoto.

Ikabaki betri. Chini ya kamera kuna kifuniko unachokifungua kwa sarafu. Ndani nilikuta kitu kama kitufe cha shati, kimeota ukungu wa kijani. Nilikuwa nimekitoa kule kule Tanga siku ya kwanza nilipokabidhiwa kamera, nikakitupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Nakumbuka hata sauti yake kilipogonga kopo. Wala sikufikiri mara mbili.

Nikanunua betri mpya ya kawaida yenye umbo lile lile. Ikaingia vizuri. Sindano ya kipima mwanga ikanyanyuka. Nikapanda basi kwenda Tanga, nikampiga bibi picha 36, filamu ikaenda kusafishwa ughaibuni kwa mkono wa rafiki, nikatumiwa picha kwa baruapepe, nikazichapisha... na mengine mmeshayasikia. Jini wa kwenye mbuyu.

Nilipoanza kuuliza na kusoma, jibu likaja mapema. Kamera ile haikutengenezewa betri ya kawaida. Ilitengenezewa betri ya zebaki.

Betri ya zebaki ilibuniwa na Mmarekani Samuel Ruben, na ikapata soko lake la kwanza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa sababu jeshi lilihitaji betri ndogo inayovumilia joto. Kampuni iliyoshirikiana naye, Mallory, ndiyo iliyokuja kuitwa Duracell. Uzuri wa betri hii ni uaminifu wake. Inatoa volti 1.35 tangu siku ya kwanza mpaka karibu siku ya kufa, kisha inazimika ghafla. Betri ya kawaida huanza na volti 1.5, halafu inashuka kidogo kidogo kila inapotumika. Kwa tochi hakuna shida. Kwa kipima mwanga ambacho kazi yake yote ni kupima umeme mdogo unaopita, ni msiba. Watengenezaji wa kamera wa miaka ile waliona: betri haibadiliki, ya nini kuweka sakiti ya kusawazisha? Wakaipunguzia kamera vipuri, na bei ikashuka.

Sasa mimi nikaweka betri ya volti 1.5. Kamera ikapata umeme mwingi kuliko ilivyozoea, ikaamini kuna jua kali kuliko lililokuwepo, ikabana tundu la lenzi. Bibi akabaki gizani. Kamera haikuharibika, ilidanganywa.

Je, kwa nini nisinunue betri ya zebaki? Kwa sababu haipo. Marekani ilizipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1996. Umoja wa Ulaya ukafuata, na tangu mwaka 2000 hazikuruhusiwa sokoni huko. Mwanzoni nilikasirika. Nikaona haya ni yale yale ya wakubwa kuamua na sisi kupata hasara. Halafu nikasoma habari za Minamata.

Minamata ni mji wa pwani katika kisiwa cha Kyushu. Watu wake walikuwa wavuvi, na mwajiri mkubwa alikuwa kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso. Tangu mwaka 1932 kiwanda kilitumia zebaki kutengeneza kemikali iitwayo asetaldehidi, na maji yake machafu yakamwagwa ghubani. Humo zebaki, katika umbo lake baya kuliko yote, ikaingia kwenye samaki na chaza. Paka wakala samaki. Katika miaka ya 1950 watu wakaanza kuona paka wakizunguka kama wanacheza ngoma, kisha wanaanguka na kufa. Baadaye zikaja zamu za watoto.

Tarehe 1 Mei 1956, daktari wa hospitali ya kiwanda chenyewe, Hajime Hosokawa, alitoa taarifa kwa ofisi ya afya: kuna ugonjwa usiojulikana wa mfumo wa fahamu. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto wakataja zebaki. Mwaka huo huo Hosokawa alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji taka ya kiwanda, na paka akapata ugonjwa ule ule. Kampuni ikayafungia matokeo kabatini. Maji yakaendelea kumwagwa mpaka mwaka 1968. Miaka tisa! Serikali ya Japani nayo ilikiri rasmi chanzo cha ugonjwa mwaka 1968, baada ya kiwanda kuacha kutumia njia ile. Wagonjwa waliotambuliwa rasmi na serikali kwa miaka yote ni zaidi ya 2,200, na wengi zaidi waliendelea kudai haki yao mahakamani.

Dunia ilijuaje? Kwa kamera. Mpiga picha wa Kimarekani W. Eugene Smith, ambaye alijeruhiwa vibaya Okinawa mwaka 1945 akipiga picha za vita, alirudi Japani mwaka 1971 na mkewe Aileen. Wakapanga nyumba Minamata, wakaishi na wagonjwa kwa karibu miaka mitatu. Januari 1972 alipigwa na watu wa upande wa kampuni alipokuwa amefuatana na wagonjwa, na macho yake yakaathirika. Juni mwaka huo huo jarida la Life likachapa picha zake. Mojawapo inamwonyesha mama akimwogesha binti yake aliyezaliwa na sumu hiyo mwilini. Walioiona hawakuisahau. Katika miaka ya 1990 wazazi wa binti huyo waliomba picha ipumzike, isichapwe tena, na Aileen Smith akakubali. Sisi wanahabari hapo tuna la kujifunza, ila tuliache kwa siku nyingine.

Angalieni mwaka: 1972. Mwaka ule ule picha za Minamata zinatoka, Japani hiyo hiyo inauza kamera nzuri ya mtu wa kawaida, na ndani yake kuna tone la zebaki.

Nisieleweke vibaya. Betri za kamera hazikuua watu wa Minamata, ni maji ya kiwanda kile. Lakini zebaki ni zebaki. Betri ikitupwa jalalani inaoza na kuvuja. Ikichomwa, zebaki inapanda na moshi, inasafiri, inashuka na mvua, inaishia majini, na huko inarudia safari ile ile ya kuingia kwenye samaki. Ndiyo maana mataifa yalipokubaliana mwaka 2013 kuidhibiti, mkataba wao uliitwa Mkataba wa Minamata. Ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kwetu jambo hili si la mbali: wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita na Chunya wamekuwa wakishika zebaki kwa mikono mitupu, wakiichoma kwenye kikaango ili dhahabu ibaki.

Nikiwa nasoma hayo saa sita usiku, nikakumbuka ile sauti. Kitufe kikigonga kopo. Kwenye shimo la taka ambalo bibi analichoma kila Jumamosi, hatua kumi kutoka kwenye kisima.

Jamani, sikulala.

Nilifika Tanga Ijumaa mchana. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona huna hata mkate? Umekuja kuoa au kukimbia polisi?"

Nikamweleza. Akanisikiliza, mkono kwenye sikio, akisogeza kile kifaa chake cha kusikilizia. Kisha akasema neno moja: "Chimba."

Nikafunga mdomo kwa kitambaa, nikavaa mifuko ya nailoni mikononi, nikachimba. Majivu, vifuu, chupa, kopo la rangi. Nilikipata baada ya saa moja na nusu hivi, chini ya tabaka la majivu lililokuwa juu yake wiki baada ya wiki. Kimeungua upande mmoja. Siwezi kuwaambia kiasi gani cha zebaki kilishatoka, kwa sababu sina kipimo. Nilikitia kwenye chupa ya kioo, nikafunga kwa nguvu, nikazungushia plasta.

Bibi akaniuliza, "Sasa kamera ya babu yako ndiyo basi tena?"

Hapana, nikamwambia, kuna njia mbili. Ya kwanza ni betri inayotumia hewa, ndogo, yenye tundu juu na kijikaratasi cha kubandua. Inatoa karibu volti 1.4, tofauti ndogo sana na ile ya zebaki. Haikutengenezwa kwa ajili ya kamera, ni betri ya...

Nikanyamaza. Bibi alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye kijaluba chake. Ni betri ya kifaa cha kusikilizia. Alikuwa nazo sita. Vifaa hivyo navyo zamani vilitumia zebaki, vikaachishwa, vikaendelea kusikia. Betri yake ilikuwa nyembamba kwa kamera, tukaizungushia mpira wa bomba na kipande cha karatasi ya sigara ili ikae. Sindano ikanyanyuka. Betri ya namna hii ukishaibandua inaanza kuzeeka, baada ya wiki kadhaa au miezi michache inakwisha, lakini inasema kweli.

Njia ya pili haina betri kabisa, na hii ndiyo ninayowasihi mjifunze hata kama hamna mpango wa kushika filamu. Canonet bila betri bado inapiga picha, ni kipima mwanga tu kinacholala. Kazi ya kupima unaifanya wewe. Kanuni ya wazee wa kazi ni hii: jua likiwaka bila wingu, weka tundu f/16 na kasi ya shata iliyo karibu na namba ya filamu. Filamu ya 200, basi sehemu ya 250 ya sekunde. Wingu jembamba, fungua mpaka f/11. Wingu zito, f/8. Kivulini, f/5.6 au zaidi. Jua letu la saa saba linachimba vivuli vyeusi machoni, kwa hiyo ukipiga sura ya mtu fungua hatua moja zaidi, au msubiri jioni.

Tulisubiri jioni. Bibi akavaa kanga mpya, akakaa kwenye kigoda chini ya mwembe. Filamu ya 200, f/5.6, sehemu ya 125 ya sekunde. Nilikadiria kwanza kwa macho, ndipo nikamuuliza sindano. Tulikubaliana. Nikazungusha pete, pacha wawili wakawa bibi mmoja. Tik.

Siku hizi kuna mapenzi makubwa ya vitu vya kale: sahani za santuri, saa za kuvuta, kamera za filamu. Mimi mwenyewe ni mgonjwa wa hayo mapenzi. Lakini nimejifunza kuwa kufufua kitu si kuurudisha wakati wake wote. Babu aliinunua kamera ile kwa jasho lake, lenzi yake ni nzuri mpaka leo, na inastahili kufanya kazi miaka mingine 50. Ile betri ilistahili kufa. Kuna watu wanaozitafuta betri za zebaki za zamani zilizobaki maghalani, eti ili kamera ipime sawasawa. Ndugu zangu, mnafuata volti 1.35 ambazo mnaweza kuzikaribia kwa mpira wa bomba na betri ya bibi.

Picha ya bibi imetoka. Mikunjo yote ipo, na macho yake yanaonyesha kabisa kuwa alikuwa karibu kunitania. Ameitundika sebuleni, pembeni ya ile ya babu akiwa kwenye ngazi ya meli.

Chupa bado ninayo. Nimeuliza ofisi mbili niipeleke wapi, na zote zimenituma kwa nyingine. Iko juu ya kabati langu, mbali na watoto, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: ZEBAKI, USIFUNGUE. Kila nikipakia filamu naitazama. Mwenye kujua pa kuikabidhi, aniambie.